Marehemu Wana Majina: Maoni Kuhusu Matembezi ya Mauaji ya Whitechapel kama Utendaji wa Masimulizi

1. Utangulizi

Jioni nyingi za mwaka, wakati wa joto na wakati wa baridi, makundi ya watu hukusanyika nje ya stesheni za Aldgate East na Tower Hill, mashariki ya jiji la London, wakimngoja mtu atakayewaongoza kwa miguu. Kwa muda wa saa moja na nusu hadi saa mbili hupita katika vichochoro vya Whitechapel na Spitalfields, mitaa ya kale ya wafuma hariri, wahamiaji na vibarua wa bandari. Husimama hapa, husimama pale, hunyamaza na kusikiliza. Wanachosimuliwa ni jinsi wanawake watano walivyouawa kati ya tarehe 31 Agosti na tarehe 9 Novemba 1888, na jinsi muuaji wao asivyopata kukamatwa. Wasikilizaji hulipa ada, huogopa kidogo, hucheka kidogo, kisha hutawanyika na kurudi hotelini.

Biashara hii imekwisha kujadiliwa na wanahistoria, wataalamu wa elimu ya jamii na watetezi wa haki za wanawake. Makala haya yanakusudia kuitazama kwa jicho la mwanafunzi wa fasihi simulizi, kwani tunaamini kwamba taaluma hiyo ina neno la kusema ambalo taaluma nyingine hazijalisema kwa uwazi wa kutosha. Hoja yetu ni hii: kwa kuwa karibu kila mahali palipotendeka mauaji hayo pamekwisha kubomolewa au kubadilishwa, kinachouzwa katika matembezi haya ni utendaji wa masimulizi zaidi kuliko ziara ya mahali. Na ikiwa ni masimulizi, basi sifa zake na lawama zake zimo katika maneno: nani anatajwa, anatajwa kwa jina gani, na anawekwa katika nafasi gani ya sentensi. Kusimulia mauaji si kosa. Kosa ni kumpa jina kubwa mtu asiyejulikana jina, na kuwanyang'anya majina wale ambao majina yao tunayo.

2. Mahali pasipokuwapo

Msomaji asiyepata kufika huko huenda akadhani kwamba watu hawa hupelekwa kutazama nyumba na nyua zilizoshuhudia mauaji. Sivyo. Mary Ann Nichols aliuawa Buck's Row; mtaa huo ulibadilishwa jina ukaitwa Durward Street, na nyumba za wakati ule hazipo tena. Annie Chapman aliuawa katika ua wa nyuma wa nyumba namba 29 ya Hanbury Street. Nyumba hiyo ilibomolewa kupisha jengo la kiwanda cha bia cha Truman. Elizabeth Stride aliuawa katika ua uliokuwa kando ya Berner Street, ambayo leo ni Henriques Street. Palipokuwa na ua huo sasa pana shule ya msingi. Uwanja mdogo wa Mitre Square, alipouawa Catherine Eddowes, upo bado, lakini umezungukwa na majengo mapya. Chumba namba 13 cha Miller's Court, alimouawa Mary Jane Kelly, kilibomolewa katika miaka ya 1920, na hata mtaa wenyewe wa Dorset Street umefutika chini ya majengo ya biashara.

Je, basi hadhira hutazama nini? Hutazama ukuta wa matofali, geti la shule, mlango wa ofisi. Wanayoyaona yanatoka kinywani mwa kiongozi. Yeye ndiye anayesema "hapa", na kwa neno hilo moja huujenga upya ua, huuwasha taa ya gesi iliyozimika zamani na kuuweka mwili chini. Sisi wasemaji wa Kiswahili tunaujua uzito wa viashiria vya mahali. Lugha yetu hututaka tuchague kati ya hapa, hapo na pale, na kati ya mahali padhahiri, mahali pa jumla na mahali pa ndani. Kiongozi mwaminifu angesema "palipokuwa". Kiongozi mwenye kutaka hadhira isisimke husema "hapa hapa". Tofauti kati ya kauli hizo mbili ni ndogo kisarufi, lakini ni kubwa kimaadili, kwani ya kwanza inakiri kwamba muda umepita na watu wamepita pamoja nao, na ya pili inadai kwamba damu haijakauka.

Tuna kila sababu, kwa hiyo, ya kumwita kiongozi huyu fanani, na kundi lake hadhira, na kazi yao ya pamoja utendaji. Fanani huyu ana mbinu zote tulizozizoea: hubadili sauti, hunyamaza penye utamu, huuliza maswali na kuyajibu, hupunguza au kuongeza kulingana na sura za waliomzunguka. Wengine huvaa koti refu na kofia ya zamani. Wengine hubeba projekta ndogo ya mkononi na kuakisi ukutani picha za maiti zilizopigwa na polisi mwaka 1888. Hapo ndipo anapoachana na mtambaji wetu wa ngano. Mtambaji huanza kwa fomula inayoitoa hadhira katika ulimwengu wa kweli: paukwa, pakawa, hapo zamani za kale. Fomula ile ni mkataba. Inawaambia watoto kwamba zimwi litakalokuja si jirani yao, na kwamba binti atakayemezwa atatolewa tumboni mzima. Kiongozi wa Whitechapel hana fomula ya namna hiyo. Anadai ukweli tangu neno la kwanza, huku akitumia mbinu za ngano hadi neno la mwisho. Binti wa masimulizi yake hatolewi tumboni.

3. Utazamaji wenye umri wa mauaji yenyewe

Si haki kuwabebesha viongozi wa leo lawama zote, maana utazamaji huu ulianza kabla damu haijaoshwa. Mnamo Septemba 1888, baada ya Annie Chapman kuuawa, majirani wa nyumba namba 29 walitoza watu senti chache ili wachungulie ua kupitia madirisha yao. Walikuwa maskini, na mauti ya jirani yao yaliwaletea siku kadhaa za mapato. Mwaka 1905 Arthur Conan Doyle, muumba wa Sherlock Holmes, alitembezwa mahali pa mauaji pamoja na wenzake wa klabu iliyopenda kuzungumzia jinai. Kiongozi wao alikuwa Dakta Frederick Gordon Brown, yule yule aliyeuchunguza mwili wa Catherine Eddowes miaka 17 kabla. Hapo tayari tunaiona sura ya matembezi ya leo: bwana mjuzi, kundi la waungwana, na kitongoji cha mafukara kama jukwaa.

Wasomaji wa jarida hili watakumbuka kwamba mkono wa Conan Doyle umefika hata katika riwaya ya Kiswahili, kwani Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyejitokeza katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, ni ndugu wa Sherlock Holmes kwa njia nyingi. Ulinganisho huo una faida. Katika riwaya ya upelelezi mauaji ni kitendawili, na kitendawili hutegwa ili kiteguliwe. Bwana Msa anapotegua, jamii hurudishiwa utulivu wake na marehemu hurudishiwa haki yake. Mauaji ya Whitechapel ni kitendawili ambacho hakuna aliyekitegua. Kila jioni hutegwa upya, kila jioni hadhira hushindwa, na kama ilivyo desturi ya mchezo huo, mwenye kushindwa hutoa mji. Mji unaotolewa hapa ni Whitechapel yenyewe, pamoja na watu wote waliopata kuishi ndani yake.

4. Jina la muuaji

Tulitazame sasa jina ambalo huandikwa kwa herufi kubwa kwenye kila tangazo la matembezi hayo: Jack the Ripper, yaani Jack Mpasua-watu. Wengi wa wanaolipa ada hudhani kwamba muuaji alijiita hivyo. Jina hilo lilitokea katika barua iliyoandikwa tarehe 25 Septemba 1888 na kupelekwa kwa shirika moja la habari jijini London, wala si kwa polisi. Maofisa wakubwa wa polisi waliamini baadaye kwamba mwandishi wake alikuwa mwanahabari aliyetaka kuinogesha habari. Kama imani yao ni sahihi, basi jina maarufu kuliko yote katika historia ya jinai ni kazi ya kubuni, na mwenye jina hilo ni mhusika wa fasihi aliyepachikwa juu ya maiti za kweli. Hata kofia ndefu, joho jeusi na mkoba wa daktari tunavyoviona kwenye mabango vimetoka jukwaani kuliko vilivyotoka katika ushahidi wa mwaka 1888.

Mhusika huyo akishaumbwa, masimulizi hayana budi kumtafutia mwili, na kila kizazi humtafutia wake. Wa kwanza kuumia alikuwa John Pizer, fundi viatu Myahudi, aliyekamatwa Septemba 1888 kwa sababu ya uvumi wa magazeti juu ya mtu aliyeitwa "Aproni ya Ngozi", akaachiwa kwa kuwa aliweza kuthibitisha alikokuwa. Usiku wa tarehe 30 Septemba yalikutwa maandishi ya chaki yaliyowataja Wayahudi, ukutani katika mtaa wa Goulston, na Mkuu wa Polisi, Sir Charles Warren, aliamuru yafutwe kabla hakujapambazuka kwa kuhofia kwamba Wayahudi wa kitongoji wangeshambuliwa. Yeye, pamoja na makosa yote aliyolaumiwa nayo, alielewa jambo ambalo baadhi ya viongozi wa matembezi hawajalielewa: kwamba maneno yanayosemwa au kuandikwa katika mtaa wa maskini waliohamia yanaweza kuua. Kunyoosha kidole kwenye orodha ya washukiwa waliokwisha kufa ni mchezo mwepesi kwa anayeucheza. Kwa jamii inayonyooshewa kidole, hasa ikiwa ni jamii ya wageni, haujawa mchezo hata siku moja.

Hata idadi ya watano ina historia yake. Faili la polisi kuhusu mauaji ya Whitechapel lina vifo 11, kuanzia Emma Smith mwezi Aprili 1888 hadi Frances Coles mwezi Februari 1891. Idadi ya watano ilipata nguvu kutokana na hati ya mwaka 1894 ya ofisa wa polisi Melville Macnaghten, ambaye alitamka kwamba muuaji aliua watano na watano tu. Huenda alikuwa sahihi. Lakini kwa mtazamo wa masimulizi matokeo yake ni dhahiri: wanawake waliobaki wametolewa katika hadithi kwa sababu hawamtumikii mhusika mkuu. Emma Smith, ambaye kabla ya kufa alieleza kwamba alishambuliwa na kundi la wanaume, hana kituo katika matembezi mengi. Kifo chake hakina fumbo, na fumbo ndilo linalouzwa.

5. Majina ya wanawake

Walikuwa nani basi? Mary Ann Nichols alikuwa na umri wa miaka 43, mama wa watoto watano. Usiku wake wa mwisho alifukuzwa kwenye nyumba ya kulala wageni maskini kwa kukosa peni nne, akatoka akicheka na kujivunia kofia yake mpya. Annie Chapman alikuwa mjane wa mwendesha farasi, mgonjwa wa mapafu, aliyejipatia riziki kwa kufuma na kuuza maua. Elizabeth Stride alizaliwa Sweden mwaka 1843, akaja London, akaolewa, na pamoja na mumewe wakafungua duka la kahawa huko Poplar. Catherine Eddowes alizaliwa Wolverhampton, na siku chache tu kabla ya kuuawa alikuwa amerudi kutoka mashamba ya Kent alikokwenda kuchuma mahopi. Mary Jane Kelly, mdogo kuliko wote, yapata miaka 25, alidaiwa kodi ya shilingi 29. Aliyeugundua mwili wake alikuwa amekwenda kudai kodi hiyo.

Polisi waliandika orodha ya vitu alivyokutwa navyo Catherine Eddowes. Humo mna vipande sita vya sabuni, vikopo vidogo vya chai na sukari, kitana, kastabini, na kopo la haradali lenye tiketi mbili za rehani, mojawapo ikiwa ya buti za mwanamume aliyekuwa akiishi naye. Orodha hiyo ni wasifu kamili. Inatuonyesha mtu asiye na nyumba ambaye aliibeba nyumba yake mwilini. Fanani yeyote mwenye kipaji angeweza kusimama Mitre Square na kuitaja orodha hiyo polepole, kitu kimoja baada ya kingine, na hadhira ingenyamaza kwa namna tofauti kabisa na kunyamaza kwa hofu. Hata hivyo orodha inayosomwa mara nyingi zaidi mahali hapo ni ile ya majeraha.

Kisha liko neno "makahaba". Ndilo neno la kwanza wanaloelezwa nalo wanawake hawa, na aghalabu ndilo la mwisho. Mwanahistoria Hallie Rubenhold, katika kitabu chake The Five cha mwaka 2019, ameonyesha kwamba kwa watatu kati yao hakuna ushahidi thabiti kwamba waliishi kwa kazi hiyo, na kwamba walichoshirikiana wote ni ufukara, ulevi na kukosa malazi. Wapo watafiti wanaompinga, wakitaja baadhi ya maelezo yaliyotolewa kwa polisi na magazeti wakati ule. Hatuna haja ya kuamua mzozo huo hapa. Inatosha kukumbusha kwamba mwaka 1887 Warren huyo huyo aliwaagiza askari wake wasimwite mwanamke yeyote kahaba isipokuwa amejitaja mwenyewe hivyo au amepata kutiwa hatiani kwa kosa hilo. Askari wa doria wa mwaka 1887 alitakiwa awe na uangalifu wa lugha ambao mwongozaji wa leo hatakiwi kuwa nao. Aidha, hata pale ushahidi upo, kama ulivyopo kwa Mary Jane Kelly, kazi ya mtu haigeuzi mauaji yake kuwa burudani.

Tukijaribu kuyahamishia masimulizi haya katika Kiswahili, lugha yenyewe hutukwaza, na kukwazwa huko kuna mafunzo. Kwanza, Kiswahili hututaka tumtangulize aliyekufa kwa neno la heshima: marehemu, yaani aliyerehemiwa. Tukisema "marehemu Annie Chapman" hatuwezi kuendelea kwa sauti ya mzaha bila kujisikia aibu. Pili, neno maiti hutumiwa na wasemaji wetu kwa upatanisho wa aina mbili. Wapo wasemao "maiti yule amekutwa", na wapo wasemao "maiti ile imekutwa". Katika upatanisho wa kwanza aliyekufa bado yumo katika ngeli ya watu. Katika wa pili amekwisha kuhamia ngeli ya vitu. Mtafsiri wa matembezi ya Whitechapel angelazimika kuchagua kati ya njia hizo mbili katika kila kituo, na uchaguzi wake ungekuwa hukumu.

Tatu, tutazame kauli za vitenzi. Katika masimulizi haya muuaji ndiye mtenda: anavizia, anachagua, anakata, anatoweka. Wanawake wamefungiwa katika kauli ya kutendwa: waliuawa, walipasuliwa, walikutwa. Na hali muuaji ndiye tusiyejua alichofanya katika saa yoyote ya maisha yake isipokuwa zile chache, wanawake ndio ambao matendo yao yameandikwa kwa miaka 40 na zaidi: walizaliwa, waliolewa, walizaa, waliacha na kuachwa, walisafiri, walifua, walifuma, walilewa, walicheka. Sarufi ya matembezi imepindua ushahidi. Asiyejulikana amefanywa kiima, na wanaojulikana wamefanywa shamirisho.

6. Hoja za upande wa pili

Wapo watakaotujibu, na hoja zao si za kupuuzwa. Watasema kwanza kwamba matembezi haya huwafundisha watu historia ya umaskini ambayo wasingeifuata darasani. Ni kweli kwa baadhi yake. Donald Rumbelow, aliyekuwa askari wa polisi wa City of London na mwandishi wa kitabu maarufu juu ya mauaji haya cha mwaka 1975, aliyaongoza matembezi kwa miaka mingi akiwa na ujuzi wa mitaa na wa kumbukumbu za polisi. Kiongozi wa namna hiyo ni mwalimu. Lakini hoja hiyo hutetea matembezi mema tu. Haitetei projekta na koti refu.

Watasema pili kwamba waongozaji wana watoto wa kulisha. Hilo nalo ni kweli, na sisi hatutaki biashara yao ifungwe, kama vile tusivyowalaani majirani wa mwaka 1888 waliotoza senti madirishani mwao. Twasema tu kwamba njaa ya msimulizi haimwondolei wajibu wa kuchagua maneno, maana maneno ya heshima hayagharimu zaidi ya maneno ya kejeli.

Watasema tatu kwamba waliouawa wamekwisha kufa zaidi ya miaka 130 na hawawezi kudhurika. Hapa tunawapinga waziwazi. Masimulizi hayawahusu waliokufa peke yao. Huwatengeneza walio hai. Mwaka 1976 baa moja ya kale ya Commercial Street, iliyoitwa Ten Bells, ilipewa jina la muuaji. Ilirudishiwa jina lake mwaka 1988, mauaji yalipotimiza miaka 100, baada ya wanawake wa London kupaza sauti. Mwaka 2015 wakazi wa Cable Street walioarifiwa kwamba mtaa wao ungepata makumbusho ya historia ya wanawake walistuka kuona jengo limefunguliwa kwa jina la muuaji yule yule. Waliopinga katika nyakati hizo mbili hawakuwa wakiwatetea marehemu peke yao. Walikuwa wakiuliza inakuwaje mwanamke anayerudi kazini usiku apite chini ya kibao kinachomsherehekea muuaji wa wanawake.

7. Mauaji yasiyosimuliwa

Ushahidi mkubwa zaidi wa hoja yetu uko hatua chache tu kutoka njia ya matembezi. Kitongoji cha Whitechapel kilipata jina lake kutokana na kanisa la Mtakatifu Maria, lililokuwa na kuta nyeupe hapo kale. Kanisa hilo liliharibiwa kwa mabomu mwaka 1940, na kiwanja chake kikafanywa bustani ya watu wote. Tarehe 4 Mei 1978, karibu na bustani hiyo, kijana wa Kibengali aliyeitwa Altab Ali, mshonaji katika kiwanda cha nguo, alichomwa kisu alipokuwa akirudi nyumbani kutoka kazini. Waliomuua walikuwa vijana watatu, na sababu yao ilikuwa rangi yake. Siku 10 baadaye yapata watu 7,000 walilifuata jeneza lake kwa maandamano hadi katikati ya London. Mwaka 1998 bustani ile ilipewa jina lake.

Haya nayo ni mauaji ya kweli katika mtaa wa kihistoria. Yana mahali panapoonekana, tarehe, jina, na wauaji waliojulikana. Juu ya yote yana jamii iliyojibu. Hata hivyo makundi mengi ya jioni hupita karibu bila kusikia habari zake. Kwa nini? Jibu letu ni lile lile tulilotoa kuhusu Emma Smith: hayana fumbo. Altab Ali hakuuawa na zimwi lenye kofia ndefu, bali na chuki ya kawaida, ambayo hadhira huenda ikaitambua nyumbani kwake. Masimulizi ya zimwi humwezesha msikilizaji kulala salama. Masimulizi ya Altab Ali humwamsha.

Jambo jingine katika bustani hiyo litawagusa kwa namna ya pekee wasomi wa lugha. Tangu mwaka 1999 pamesimama humo nakala ya mnara wa Dhaka unaowakumbuka waliouawa tarehe 21 Februari 1952 wakiidai haki ya lugha yao ya Kibengali. Basi mahali palipoipa Whitechapel jina lake, jamii ya wahamiaji imeweka pamoja kumbukumbu ya aliyeuawa kwa rangi yake na ya waliouawa kwa lugha yao. Wamefanya hivyo bila kumtaja muuaji hata mmoja.

8. Yatuhusu nini

Huenda msomaji akauliza kwa nini jarida la Kiswahili lijishughulishe na vichochoro vya London. Tunajibu kwamba nasi tunao mji wa kale unaotembezwa. Katika Mji Mkongwe wa Unguja wageni hupelekwa kila siku Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa kwa mkataba wa mwaka 1873, ambapo Askofu Edward Steere, mwanafunzi mkubwa wa lugha yetu, alijenga kanisa. Nje ya kanisa hilo, ndani ya shimo, zipo tangu mwaka 1998 sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, kazi ya mchongaji Clara Sörnäs. Utumwa na mauaji ya Whitechapel si mambo ya uzito mmoja, wala hatudai hivyo. Swali la msimulizi, hata hivyo, ni moja: je, watu wale shimoni wana sauti? Wanayo. Mwaka 1887 A. C. Madan alichapisha, chini ya jina Kiungani, tafsiri ya simulizi za maisha zilizoandikwa kwa Kiswahili na vijana wa shule ya misheni huko Unguja, ambao wengi wao walikuwa wamekombolewa kutoka utumwani. Mwongozaji wa Mkunazini aliyefundishwa simulizi hizo hatahitaji kutia chumvi.

9. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba matembezi ya Whitechapel ni fasihi simulizi, na kwamba yastahili kuhukumiwa kama tunavyoihukumu fasihi. Mapendekezo yetu ni machache. Kila kituo kianze kwa jina la marehemu na kwa jambo alilolitenda akiwa hai. Muuaji aitwe muuaji, kwa kuwa hilo ndilo pekee tunalolijua juu yake. Picha za maiti zibaki katika nyaraka. Na safari iishie katika bustani ya Altab Ali, ili hadhira irudi nyumbani ikiwa imesikia kwamba mtaa huu haukukaa kimya. Kwa wanafunzi wetu wa shahada za juu tunaongeza ombi moja: wayarekodi masimulizi ya waongozaji, huko London na huku kwetu, wayanukuu neno kwa neno, na wayachambue kwa uangalifu ule ule wanaoutumia kwa ngano na tenzi. Waanze kwa swali jepesi: katika sentensi ya kwanza, nani ametajwa kwa jina?

Catherine Eddowes alipokuwa kituo cha polisi usiku ule wa mwisho, aliulizwa jina lake akatoa la uongo, kisha akaachiwa akaenda zake. Alikuwa na haki ya kulificha. Sisi tunaolijua hatuna haki hiyo.